Mtoto yuko Machame kwa bibi yake na hawataki kumrudisha: nianze na talaka au na mtoto?

Swali:

"Shikamoo wakili. Nina miaka 33, naishi Sakina, Arusha. Ni mwaka wa tisa tangu tufunge ndoa ya kanisani Moshi. Mume wangu ni dereva wa watalii. Tulijenga Olasiti, lakini karatasi za kiwanja zina jina lake peke yake. Amekuwa akinipiga, na sasa ana mwanamke mwingine hadharani. Mwezi wa tano nilitoka, nikahamia kwa dada yangu na mtoto mdogo wa miaka minne. Mkubwa ana miaka minane. Alipelekwa Machame kwa bibi yake tukiwa tumekwenda Krismasi, akaandikishwa shule huko, na sasa wanakataa arudi. Wanasema mahari ililipwa na mtoto ni wa ukoo. Mchungaji anasema kanisa halina talaka. Shoga yangu anasema kwa kuwa nimetoka kwa miguu yangu nimepoteza nyumba na watoto. Nataka talaka. Nianzie wapi, na je, nitanyang'anywa wanangu?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole sana. Umeanza na talaka ukamalizia na watoto. Mimi naomba tuligeuze swali, tuanze na huyu aliyeko Machame. Talaka ikichelewa miezi mitatu hakuna kitakachokuharibikia. Mtoto akimaliza mwaka mwingine kule, kesi yako itakuwa imebadilika sura, na hapo hata wakili mzuri atapata kazi kubwa.

Kwa nini? Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamwambia hakimu kwamba jambo la kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake bila kushikiwa akili, na mila za jamii yao. Kisha sheria inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa yuko vizuri zaidi kwa mama yake, isipokuwa upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mdogo wako ana minne, kwa hiyo hapo umesimama pazuri. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka hakimu akumbuke pia kwamba si vema kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Wa miaka minane hana tena ile kinga ya miaka saba, na kila muhula anaousoma Machame unampa baba yake hoja: ana marafiki, ana mwalimu wake, amezoea, mnamtoa ili iweje?

Kwa hiyo usikae unasubiri talaka ndipo uulizie mtoto. Watu wengi hapa Arusha hawajui kwamba ombi la malezi ya mtoto linaweza kwenda peke yake, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, bila kudai talaka na bila ile hati ya Bodi nitakayoieleza chini. Linasikilizwa na Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu mkazi. Nenda masjala ya mahakama ya wilaya uulizie, watakuelekeza. Katika ombi hilo unaomba malezi ya wote wawili, na matunzo. Kama baba naye atataka kuwaona, hilo pia hupangwa humo humo: wikendi zipi, likizo zipi, nani anamleta nani.

Kabla ya kufika huko, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nasema hivi kwa sababu mbili. Kwanza, mara nyingi barua yake ya wito inatosha kumfanya bibi na baba waje mezani, maana watu wanaogopa karatasi yenye muhuri kuliko maneno ya mkwe. Pili, mahakama ina uwezo wa kumwagiza afisa huyo afanye uchunguzi wa kijamii. Atakuja kwa dada yako kuona mtoto atalala wapi, atakwenda Machame, atazungumza na mwalimu na hata na mtoto mwenyewe. Taarifa yake ina uzito mkubwa, kwa hiyo ni vizuri awe anakujua kabla kama mama aliyekwenda kuomba msaada mapema.

Kuna jambo nakukataza. Usipande gari kwenda kumvizia mtoto getini mwa shule na kumtorosha. Najua ni mwanao na najua hasira ilivyo. Lakini baba atakayekwenda mahakamani siku inayofuata atakuwa na cha kusema, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba watu wazima wanaibiana yeye. Nenda kumwona kwa amani, ukiwa na mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, mpelekee daftari na viatu, mwulize habari za shule. Wakikukatalia mlangoni, andika tarehe na majina ya waliokuwepo, ondoka. Hayo maandishi yatafanya kazi baadaye. Na ukimpata kwenye simu usimfundishe maneno ya kusema kwa hakimu. Mahakimu wanawajua watoto waliokaririshwa, na anayeumia ni aliyekaririsha.

Sasa hilo la mahari. Nimelisikia Machame, nimelisikia Rombo, na huku kwa Wameru na Waarusha pia lipo kwa namna yake. Zamani sheria za mila zilimpa baba aliyelipa mahari nguvu hiyo, na ndiyo maana wazee wanalisema bila kusitasita. Ila Sheria ya Ndoa ilipokuja iliziweka mila pembeni katika mambo yote ambayo yenyewe imeyagusa, na malezi ya watoto imeyagusa. Mila imebaki kuwa jambo mojawapo la kuangaliwa, tena chini ya ustawi wa mtoto. Mkwe wako akiambiwa hayo na wewe atakasirika. Akiambiwa na hakimu atanyamaza.

Na huyu shoga yako mwambie ahesabu upya. Sheria inayozungumzia kumtelekeza mwenzi inataka uwe umemtelekeza kwa makusudi, na ili iwe ushahidi wa ndoa kuvunjika, utelekezaji huo uwe umefika miaka mitatu. Mke aliyekimbia kipigo mwezi wa tano hajamtelekeza mtu. Hakuna kifungu kinachosema anayetoka nyumbani anapoteza watoto au nyumba. Kifungu cha 66 chenyewe kinasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Ulipopigwa, ulikwenda polisi ukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu? Ulitibiwa Mount Meru au zahanati yoyote? Kama ndiyo, kaombe nakala. Kama hukwenda, jirani aliyekufungulia mlango usiku ule ni shahidi, na dada yako aliyeona majeraha ni shahidi. Na akikufuata huko Sakina kwa vitisho, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto siku hiyo hiyo, usingoje kesi.

Tuje kwenye talaka. Hapa ndipo watu wanapoteza miezi, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kifungu cha 101 kinakataza mtu kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, na Bodi hiyo ikathibitisha kwamba imeshindwa kuwapatanisha. Si ombi, ni sharti. Kesi zimefika mpaka Mahakama ya Rufani, watu wameshinda chini, wamegawana mali, halafu yote yakafutwa kwa sababu hati ya Bodi haikuwepo au haikuwa halali. Wakaambiwa waanze upya. Fikiria umri wa watoto utakuwa umefika wapi.

Bodi yenyewe ni ipi? Kwa kawaida ni ile ya kata anakoishi mume, na kwenye kata nyingi kazi hiyo hufanywa na Baraza la Kata. Mume wako yuko Olasiti, basi utakwenda Olasiti, si Sakina. Ziko pia bodi za jumuiya za dini zilizotambuliwa kisheria, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Usharika wako ukikuambia una bodi, uliza kwa adabu kama imetambuliwa rasmi, maana barua ya mchungaji inayosema "tumewashauri wameshindwa kuelewana" si hati ya Bodi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati ya Bodi. Na kile kikao cha ukoo cha Desemba, chini ya migomba, kilichokula siku nzima na pipa la mbege, nacho si Bodi, hata kama kiliandikwa muhtasari na mjomba mwenye mwandiko mzuri.

Bodi ina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Mawakili hatuingii mle. Ni ninyi wawili, na ndugu akihitajika. Itamwita mume. Mtaeleza. Pengine mtapewa muda mkajaribu. Ikishindikana, inatoa hati inayosema imeshindwa kuwasuluhisha na imeona nini. Isome kabla hujaondoka: majina yenu yako sawa, muhuri upo, mwenyekiti amesaini, imetamka wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Halafu angalia tarehe. Hati hiyo inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Nimewaona akina mama wanaoitunza chini ya godoro mwaka mzima wakisubiri mume abadilike, na mahakamani wanarudishwa kuomba nyingine.

Mume akiitwa akakataa kuja makusudi, hiyo haikufungi. Sheria imeacha milango: mwenzi aliyekaidi wito wa Bodi, aliyetoweka hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, aliyefungwa miaka mitano au zaidi, mwenye ugonjwa wa akili usiotibika. Upo pia mlango wa mazingira ya pekee yanayofanya Bodi isiwezekane. Lakini huo wa mwisho usiuombe bila ushahidi mzito, maana hakimu anaweza kuufunga na wewe umesimama kizingitini.

Ukishapata hati, mahakama ni chaguo lako. Sheria imezipa uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote. Kwa mtu wa hali yako ningeanzia Mahakama ya Mwanzo: gharama ni ndogo na utaeleza kisa chako kwa maneno yako. Mali ikiwa nyingi na zenye mabishano ya hati, nitakuambia tofauti. Ndoa yenu imepita miaka miwili, kwa hiyo lile zuio la talaka kwa ndoa changa halikuhusu.

Mahakamani hutaulizwa nani mbaya. Utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, wa mwili au wa moyo, ni ushahidi. Ugoni ni ushahidi. Kutelekezwa, kutengana miaka mitatu, kifungo kirefu, vyote vimetajwa, ila kwako hayo mawili ya kwanza yanatosha kama utayathibitisha. Sheria inakuruhusu hata kumdai fidia huyo mwanamke mwingine kwa ugoni. Binafsi sikushauri. Itakula muda wako na kukuachia uadui wa kukutana naye kila siku Kilombero sokoni.

Kisha elewa hili, kwa sababu wengi hawalielewi hata siku ya hukumu: ubaya wa mume kama mume haumwondoi moja kwa moja kwenye malezi kama baba. Hakimu anaweza kukupa talaka kwa ugoni wake na bado akampa siku za kukaa na watoto. Kipigo ni habari nyingine, hasa kama watoto walikiona au kiliwagusa, basi kiseme kwa kirefu. Anaweza pia kumfikiria kila mtoto peke yake, ingawa kuwatenganisha ndugu wawili si jambo linalopendwa. Hilo liseme kwa mdomo wako: walikuwa wanalala chumba kimoja, mdogo anamlilia mkubwa wake. Kama ni kweli, lina nguvu kuliko matusi yote ya WhatsApp unayotaka kuyachapisha. Na amri ya malezi haiwi ya milele. Hali ikibadilika, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba ibadilishwe.

Kuhusu nyumba ya Olasiti, jina kwenye karatasi halimalizi mjadala. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndani ya ndoa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na kulea ni mchango. Wanawake wengi wanalijua shauri hilo kwa jina. Wasilolijua ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitapanya. Kanuni alituachia sisi. Kwa hiyo usiende kusema "mimi ni mke" ukatulia. Eleza nani alisimamia mafundi mume akiwa porini Serengeti, nani alilipa maji ya kumwagilia zege, mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, uliingia kwenye mabati au la, miamala ya simu iko wapi. Kiasi cha mgawo hufuata mchango uliothibitishwa, hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja.

Kwa sasa nyumba hiyo haiwezi kuuzwa kihalali bila ridhaa yako, kwa kuwa ni nyumba ya ndoa na ndoa ingali hai. Kama kiwanja kina hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama hakina, mpelekee mtendaji wa mtaa barua ya kueleza kwamba wewe ni mke na hujaridhia mauzo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama mumeo ana nyumba kwenye kihamba cha babu yake Machame, usitegemee kupewa kihamba. Ardhi ya ukoo aliyoikuta si mali mliyochuma. Unachoweza kudai ni thamani ya kile mlichokiendeleza pale juu kwa juhudi zenu, na kwa hilo utahitaji ushahidi zaidi ya maneno.

Matunzo ya watoto ni wajibu wa baba, na hauishi kwa talaka wala kwa kunyimwa malezi. Hakuna kiwango kilichopangwa. Hakimu huangalia kipato na mahitaji. Dereva wa watalii ana kipato cha msimu, na tipu zake hazimo kwenye karatasi ya mshahara, kwa hiyo atakuja na karatasi ya mwezi wa nne, mvua zinanyesha na magari yamelala. Wewe njoo na bajeti ya mwaka: ada, sare, chakula, kodi, matibabu, na ushahidi wowote wa maisha yake ya kuanzia mwezi wa saba, watalii wanapojaa. Akishaamriwa na asilipe, unarudi mahakamani kukazia hukumu. Hukumu ikitoka nawe hujaridhika, uliza siku hiyo hiyo kwa karani muda wa rufaa ni siku ngapi, maana ni mfupi.

Nimalizie na mchungaji. Hajakudanganya: talaka ya mahakama haiamui nafasi yako mbele ya kanisa, na kanisa nalo haliwezi kuvunja ndoa mbele ya serikali. Lakini kama dhamiri yako bado inagoma kuvunja kiapo, sheria ina njia ya katikati, nayo ni amri ya kutengana. Unabaki mke wa ndoa, huwezi kuolewa tena, ila wajibu wa kuishi naye unaondoka, na mahakama inaweza kuamua malezi, matunzo na hata mgawanyo wa mali. Sharti la Bodi limewekwa kwa talaka, kwa hiyo njia hii huanza haraka zaidi. Mtu anayekimbia kipigo na bado anaimba kwaya Jumapili anaweza kuichagua bila aibu.

Kama huna fedha ya wakili, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wapo Arusha, na KWIECO, shirika la kutetea wanawake, wapo Moshi, na kazi zao ni mambo haya haya. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na wanaweza kukusaidia kuandika maombi. Yaandike kwa Kiswahili, ndiyo lugha ya mahakama sasa. Ukienda, beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na PF3 kama ipo. Vyeti vikiwa vimebaki Olasiti kwenye kabati lake, usiende kugombana. Omba nakala RITA, wakala wa usajili wa vizazi na ndoa, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na wakati unazisubiri, anza na afisa ustawi Jumatatu.